Kura Ulizozikosa Zina Habari

Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, na ninyi wanangu ambao wiki iliyopita majina yenu yalisomwa bila kufuatiwa na vifijo, nawashukuru kwa kunikaribisha. Waliochaguliwa watapata semina yao. Leo nitazungumza zaidi na mlioshindwa.

Nikiwa kidato cha tano niligombea nafasi ya kaka mkuu. Kura zilihesabiwa bwaloni, mwalimu wa nidhamu akichora vijistari ubaoni kwa chaki, vinne wima na cha tano kikivikata. Vijistari vya mwenzangu vilipofika ukingoni mwa ubao na kuanza safu ya pili, vyangu vilikuwa havijafika hata katikati. Nami nilikuwa nimekaa mstari wa mbele kabisa, kwa kujiamini, hivyo nikalazimika kupiga makofi huku nikitazamwa na wanafunzi 480.

Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimeshaambiwa mara tatu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ni ya kweli, ila huwa tunaitoa mapema mno, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka kabla ya kumuuliza panapomuuma. Baada ya kukubali ipo kazi ya kuyasoma matokeo, na kazi hiyo hatuwafundishi.

Mimi niliianza kwa bahati tu, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandalia maelezo kwamba walimu walimbeba mwenzangu. Siku moja, kwenye foleni ya maji, nilimuuliza mvulana wa kidato cha kwanza kwa nini hakunipigia kura. Akanijibu kwa adabu, ndoo ikiwa mkononi: "Kaka, sikujua kama ulikuwa unagombea." Wiki mbili nzima nilikuwa nimefanya kampeni katika mabweni ya kidato cha tano na cha sita, kwa watu ambao tayari walikuwa marafiki zangu, wakati mwenzangu alikuwa akiisimamia foleni hiyo hiyo tangu muhula uanze, ndoo za wadogo zikitangulia, kabla hata uchaguzi haujatangazwa.

Mwaka 1995 CCM ilipokuwa ikitafuta mgombea wake wa urais, Jakaya Kikwete, akiwa na umri wa miaka 44, aliongoza katika duru ya kwanza, kisha akashindwa na Benjamin Mkapa katika duru ya pili. Sisemi kwamba kila anayeshindwa atakuja kuwa rais. Mimi sikuwa hata kaka mkuu. Kinachonivutia ni ile miaka kumi iliyofuata, ambayo aliitumia akiwa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya mtu yule yule aliyemshinda, hadi alipochaguliwa mwaka 2005. Kufanya kazi chini ya aliyekushinda, tena kuifanya vizuri, ni jambo zito kuliko kumpa mkono siku ya matokeo mbele ya watu.

Nalijua hilo kwa sababu nusura nilikatae. Kaka mkuu mpya alinipendekeza niwe kiranja wa chakula, na kiburi kikaniambia kwamba ananidhihaki, kwa kuwa ahadi yangu kubwa katika kampeni ilikuwa wali mara tatu kwa wiki badala ya ugali na maharage. Nilikubali baada ya siku mbili, shingo upande. Asubuhi ya kwanza nilikwenda stoo, nikamkuta mzee mtunza stoo kando ya mizani akipima unga. Akanitazama, akauliza, "Wewe si ndiye yule wa wali?" Kisha akanipa penseli na daftari la stoo, akaniambia nipige hesabu mwenyewe: mchele gramu 250 kwa kila mwanafunzi, wanafunzi 480, ni kilo 120 kwa mlo mmoja. Nilipozidisha mara tatu na kupata kilo 360 kwa wiki, niliweka penseli chini, naye akaendelea kupima unga wake.