Kuchungulia Besiboli Bure Kwenye Matao ya San Francisco

NEEMA: Haya karibuni tena jamani, niko na Rama kama kawaida, na leo Rama nakupeleka kwenye besiboli usinikimbie.

RAMA: Dada yangu mimi ule mchezo sijawahi kuuelewa hata kidogo, lakini haya twende.

NEEMA: Sheria zake achana nazo, mi nataka kuongelea ukuta. San Francisco kuna uwanja wa timu ya Giants, siku hizi unaitwa Oracle Park, ulifunguliwa 2000, uko majini kabisa, yaani ukuta wa upande wa kulia, halafu njia ya waenda kwa miguu, halafu maji. Sasa kwenye ule ukuta wameacha matao, yamezibwa na wavu wa chuma tu, mpita njia yeyote anasimama anaangalia mechi, hakuna tiketi wala kumbembeleza mlinzi.

RAMA: Bure kabisa? Ligi kuu ya Marekani?

NEEMA: Bure kabisa! Mwaka jana nilienda kumtembelea mdogo wangu kule nikasimama pale mwenyewe. Rama, yule mchezaji anayelinda upande ule amekupa mgongo hapo hapo mbele, unaona majani yaliyomganda kwenye kiatu, unamwona anatema maganda ya mbegu za alizeti. Waliolipa pesa zao wako juu huko wanamwona kadogo.

RAMA: Sasa si watu wanajazana asubuhi mpaka jioni?

NEEMA: Kuna utaratibu. Mechi ina iningi 9, iningi ni kama raundi, kila timu inapata zamu moja ya kupiga. Pakijaa unaangalia iningi 3 halafu unapisha wenzako wa nyuma.

RAMA: Aisee. Ila klabu inapata nini hapo?

NEEMA: Kwanza eneo lenyewe ni la bandari ya mji, na ile njia ya majini ni ya umma. Lakini pia ni mila yao ya zamani. Viwanja vya mwanzo vilizungushiwa mbao, na pale penye kifundo cha mti kifundo kikidondoka panabaki tundu, watoto wasio na hela wanabandika jicho hapo. Baadaye timu kama St. Louis Cardinals zikawa zinawaingiza watoto bure kabisa, wakaitwa Knothole Gang, yaani genge la kwenye tundu la mbao.

RAMA: Hapo umenigusa, maana sisi tulikuwa juu ya mwembe nyuma ya uwanja, tawi moja watu sita, na bado nakumbuka magoli ya siku ile kuliko mechi nilizolipia ukubwani.

NEEMA: Sasa sikia roho nyingine. Philadelphia kulikuwa na uwanja unaitwa Shibe Park, wakazi wa mtaa wa 20 wanaona mechi kutoka mapaa ya nyumba zao, wakaanza na kuuza nafasi. Timu ya Athletics, ya kocha na mmiliki wake Connie Mack, 1935 ikapandisha ukuta kwa mabati, kutoka futi 12 mpaka futi 34. Wenyeji wakauita ukuta wa chuki.

RAMA: Dah! Kuuza nafasi sawa naelewa wanakula hela ya klabu, lakini na mama aliyekaa dirishani kwake je? Mtoto wake je?

NEEMA: Ndo hapo sasa. Uwanja unaleta kelele, magari, taa mpaka usiku, jirani anavumilia yote halafu unamziba macho. Mimi nasema kila anayejenga uwanja aache tundu, hata moja.

RAMA: Na wewe siku ile ulikaa mpaka mwisho?

NEEMA: Nilimaliza zangu 3, nyuma yangu kuna mama na mtoto wa kama miaka mitano, nikawapisha, yule mtoto akabandika uso kwenye wavu mpaka pua ikabonyea, wala hageuki. Mi nikazunguka nikapanga foleni upya.