Ruhusa ya Kuharibu Chuma

Mhadhara kwa wanafunzi wapya wa uchomeleaji, wazazi wao na wenye karakana

Wakubwa wangu shikamooni. Vijana, mambo. Nimepewa nusu saa, na nimekuja na kiroba hiki. Kilichomo tutakivunja kabla hatujaachana, kwa hiyo mwenye miwani ya kazi aiweke karibu.

Nianze na mama mmoja aliyenishika mkono pale getini. Kaniuliza, "Mwalimu, mwanangu akikaa humu, ataleta nini nyumbani? Mtoto wa jirani yuko kwa fundi mtaani miezi mitatu tu, na geti ameshachomelea." Mama, swali lako nimelala nalo miaka mingi. Kwa miezi mitatu ya kwanza mwanao hataleta kitu. Ataleta suruali yenye matobo. Nitakueleza kwa nini hicho ndicho unacholipia.

Mimi mwenyewe sikuanzia chuoni. Nilianzia chini ya bati, pembeni ya barabara, kwa tajiri aliyekuwa fundi kwelikweli, Mungu amrehemu. Lakini alihesabu rodi, zile fimbo za waya zilizopakwa unga, zinazoyeyuka kwa moto wa umeme na kuunga chuma. Jioni ulirudisha vipisi kwenye kopo la rangi, na kila kipisi kilichozidi urefu wa kidole kilikuwa kesi. Simlaumu. Rodi ni pesa yake, na bei ya geti imeshapatanwa tangu asubuhi. Ila mwanafunzi akikaa hapo anajifunza nini? Anajifunza kutoonekana amekosea. Pengo likinishinda, nilipura rodi unga wake, nikaulaza ule waya ndani ya pengo, nikapitisha moto juu juu. Halafu grinda, halafu rangi. Mteja anapapasa, anakuta laini kama kioo, anatoa hela.

Mwaka wangu wa pili nikapewa stendi ya tenki. Tenki la lita 1,000, maana yake tani nzima ya maji hewani, bila kuhesabu tenki lenyewe. Likaanguka usiku, likalalia jiko la nje. Mwenye nyumba alikuwa ameshazima moto na kuingia ndani, ndiyo pona yake na pona yangu. Asubuhi nikaitwa. Mguu ulikuwa umeachana palepale nilipopaka rangi vizuri kuliko pote. Ule waya wangu ulikuwa bado umelala mle ndani unang'aa, haujashikana na chochote. Nikauchomoa kwa vidole viwili, kama mtu anachomoa mwiba wa samaki.

Tajiri alinilipia. Hakunisema. Ila nakwambia, tangu siku ile nikajua kwamba kwa miaka miwili sikuwa nimewahi kuona ndani ya mshono wangu hata mmoja. Ungeuonaje? Kuuona ni mpaka uuvunje, na kitu cha mteja hakivunjwi.

Basi hiyo ndiyo tofauti ya mafunzo ya ngazi ya kwanza na kibarua cha mtaani. Watu hutaja cheti. Cheti nakiheshimu, tangu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ianzishwe kwa sheria ya mwaka 1994 kimewafungulia wengi milango. Lakini kinachonunuliwa pale ni ruhusa ya kuharibu chuma. Unachomelea vipande viwili ambavyo havitakuwa geti, havitakuwa dirisha, havitauzwa. Unavivunja. Unatazama. Unachukua vingine.

Na ruhusa hiyo ina gharama, hapa nawasemesha wakuu wa vyuo. Tuhesabu pamoja. Rodi ya milimita 2.5 inaungua kwa dakika moja hivi. Mwanafunzi akipewa kumi kwa siku, ameshika moto dakika kumi tu, na bado hiyo ni siku nzuri. Darasa la wanafunzi 20 ni rodi 200 kwa siku. Pakiti ya kilo 5 inakaribia kuisha. Kila siku, pakiti. Nilipata kutembelea chuo kimoja, jina libaki kwangu, nikakuta vijana wamechora mshono kwenye daftari kwa kalamu za rangi, mzuri mno, na mishale ya kuelezea. Nikauliza mashine ziko wapi. Zipo, mwalimu, ila rodi ziliisha mwezi wa pili. Tulikuwa mwezi wa sita! Chuo kinachobana rodi kimerudi kuwa yule tajiri wangu, tena bila geti la kuuza.

Sasa vijana, hizo dakika kumi mtazame nini? Wote mnatazama mwanga. Mwanga hauna habari. Nyuma yake kidogo kuna kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, kadiri ya punje ya hindi, na juu yake kunaelea gamba jeusi-jeusi linalotaka kukupita mbele. Wiki ya kwanza hutaona tofauti ya kidimbwi na gamba. Ni kawaida. Ipo siku, mara nyingi unakuwa umeshakata tamaa, macho yanafunguka, unaona chuma king'aavu kinalamba kingo mbili na gamba linafuata nyuma kama mkia. Kuanzia hapo mkono unajua mwendo. Ukikimbia, kidimbwi kinakuwa chembamba na hakishiki. Ukizubaa, kinatoboa. Ukiinua rodi juu sana, inatema cheche hovyo na sauti inakuwa ya kukohoa. Ukiishusha ikae kadiri ya unene wake mwenyewe, inachemka sawasawa, kama mihogo kwenye karai la mama ntilie, na ukizoea utamsahihisha mwenzako ukiwa umempa mgongo.

Someni pia namba kwenye rodi. Wengi mtaani wanajua rangi ya pakiti tu. Ile E6013 tunayoanzia, hiyo 60 ni paundi 60,000 kwa inchi moja ya mraba. Kwa hesabu yetu, chuma chake kikishika vizuri, eneo la milimita moja ya mraba, doa la kalamu, linabeba kilo 42 hivi kabla halijakatika. Karibu mfuko wa saruji uning'inie kwenye doa! Kwa hiyo stendi yangu haikuangushwa na rodi. Rodi ilikuwa na nguvu za kutosha, ila haikupewa mahali pa kushika.

Usalama nitausema kwa ufupi, mwalimu wenu ana wiki nzima ya habari hiyo. Miwani ya jua si ngao. Kioo cha kazi hii ya rodi ni namba 10 au 11, na macho yakiungua hutajua saa hiyo. Utajua usiku wa manane, kama yametiwa mchanga. Usitie maziwa wala kiazi, nenda zahanati. Halafu bomba lenye zinki, lile jeupe la maji: ukilichomelea chumba kimefungwa, jioni utatetemeka kama mwenye malaria, na wengi wamemeza dawa ya malaria bure. Na yale maziwa mnayokunywa kusafisha moshi, kunyweni, yana lishe. Ila maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko mapafuni. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea kundi moja na moshi wa sigara. Fungua milango, kaa upande upepo unakotokea, usiinamie kazi.

Wenye karakana naona mnaguna, na mna haki. Kuna mambo chuo hakiwezi. Kupima mlango kwenye nyumba ambayo ukuta umepinda. Kukata bomba la mita 6 bila kubakiza kipande cha kutupa. Kumwambia mteja bei bila macho kucheza. Hayo nimeyapata barabarani, na kijana anayetoka hapa bila kuyajua atawasumbua mwezi wa kwanza. Mpokeeni hivyohivyo. Na nyinyi mliojifunzia mtaani miaka 15, VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuurasimisha ujuzi wenu bila kurudi darasa la mwanzo. Nendeni. Mimi nilipopimwa nilikuwa na mvi tayari, na aliyenisimamia angeweza kuwa mwanangu. Akanipa vipande viwili, akasema, "Mzee, chomelea upande mmoja, halafu tuvunje." Mkono ulinitetemeka kuliko siku ya ndoa.

Haya, kiroba. Hiki kipande cha kwanza ni changu, nimekichomelea jana kwa mtindo wangu wa zamani, makusudi. Pita mbele, kijana, papasa. Laini? Laini sana. Nakibana kwenye jiliwa, napiga nyundo upande usio na mshono. Moja tu... mmesikia? Kimekatika kama biskuti. Kishikeni, mkizungushe. Hiyo mistari myeusi ni gamba lililofungiwa ndani. Na huo ufa mweupe pembeni ni chuma ambacho moto haukukigusa kabisa. Hata alama za msumeno bado zipo.

Hiki cha pili kimechomelewa asubuhi hii na binti mmoja wa mwaka jana, yuko hapa. Mshono una mawimbi, si mzuri wa macho, na hapo mwanzoni rodi ilimganda. Hajui kama kitakatika. Na mimi sijui, hatujakijaribu.

Mama wa pale getini, njoo wewe ushike nyundo. Vaa miwani kwanza.