Kiingereza cha jukwaani kifundishwe jukwaani: mhadhara wa Kigoma

Mwakeye ndugu zangu. Wakubwa shikamooni. Walimu wa Kiingereza nawaona, vijana wa vikundi vya maigizo nawaona, na mafundi cherehani mliokuja asanteni sana, maana ninyi huwa hamwalikwi kwenye mambo haya na ndiyo mnaotuvisha.

Waliowahi kunisikia wanajua nitasema nini, na nitasema tena, kwa sababu mpaka leo naingia madarasani nakuta ubao umejaa maneno ya tamthilia, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, watoto wanakariri, Ijumaa mtihani, Jumatatu hakuna anayekumbuka. Jamani tuache hii. Maneno ya jukwaani mtu ayajifunze akiwa amesimama, mkono umeshika kitu, mguu unakwenda mahali.

Kuna kijana wa hapa hapa kwetu, kipaji anacho, sauti anayo, akaenda usaili Dar, dairekta mgeni, anaongea Kiingereza tu. Akaambiwa "cross down right and hold", yaani sogea mbele, kulia kwako, utulie hapo. Sasa kijana "right" anaijua, "down" anaijua tangu shule ya msingi. Akaenda kulia kwa dairekta aliyekaa kwenye viti, siyo kulia kwake yeye, halafu kwa ajili ya ile "down" akapiga magoti. Watu wakacheka. Akaambiwa "no, upstage", akatazama dari. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Na mimi nasema huyu kijana hakukosa Kiingereza, maneno yote yale alikuwa ameyaandika kwenye daftari, ila hakuna mtu aliyewahi kumsimamisha akayatembea.

Zamani majukwaa mengi ya Ulaya yalijengwa na mteremko, nyuma juu, mbele chini kuelekea watazamaji, ili aliyekaa mbali amwone hata mwigizaji wa nyuma. Ndiyo maana nyuma mpaka leo wanaita "upstage" na mbele "downstage", hata jukwaa likiwa tambarare kabisa. Na sisi Kigoma hili tunalo mlangoni. Simama Mwanga, ule mtaa wetu wa juu mlimani, utazame ziwa, watazamaji wako wamekaa kule chini stesheni wanakuangalia. Ukiteremka na barabara ya Lumumba kwenda stesheni, unakwenda "downstage". Ukipanda kurudi Mwanga, "upstage". Mkono wako wa kushoto ni Ujiji, hiyo "stage left", wa kulia ni Kibirizi, hiyo "stage right". Ukigeuka ukalipa ziwa mgongo je? Ujiji haihami! Kushoto kwa jukwaa kunapimwa kwa mwigizaji anayewatazama watu, basi, haijalishi yule wa stesheni anaona kinyume, haijalishi wewe umegeukia wapi.

Na ukishaijua Mwanga yako, mengine yanakuja yenyewe. Mwenzako akirudi nyuma kidogo kidogo wakati mnaongea, wewe inabidi ugeuke umfuate, watazamaji wanabaki na mgongo wako na uso wake. Hapo amekufanyia "upstaging", na ni tabia mbaya, wapo humu wanaoifanya, wanajijua.

Mwalimu mmoja kanong'ona hapa mbele kwamba shule yake haina jukwaa. Chaki unayo? Uwanja unao? Chora mraba chini, gawa mara tisa, juu katikati chini, kushoto katikati kulia, mtoto asimame ndani, mwenzake asome maelekezo kwa Kiingereza, akikosea wanabadilishana. Hiyo haihitaji bajeti wala kibali cha mtu.

Kuna pia wanaosema kwa nini Kiingereza wakati Kiswahili chetu kinajitosheleza. Kinajitosheleza, nani kakataa? Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapo Tabora kwa jirani zetu, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, na Shakespeare akaongea Kiswahili safi. Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, tunayo, pazia tunalo, mandhari tunayo. Lakini kopo la mekapu limeandikwa Kiingereza, kitabu cha taa Kiingereza, na mgeni akija na kazi yenye hela anaongea Kiingereza. Kijana wangu ajue vyote viwili, sioni ugomvi uko wapi.

Tena kamusi ya kawaida hapa haitoshi, maana nusu ya maneno haya mtoto anayajua kwa maana ya nyumbani. "House" jukwaani ni ukumbi na watu waliokaa. "Wings" ni pembeni unaposubiri zamu yako. "Flies" siyo nzi, ni ile nafasi juu ya jukwaa mandhari yanakoning'inizwa kwa kamba. "Strike the set" hakuna anayegoma, ni kubomoa na kuondoa vitu shoo ikiisha. Na "limelight" haihusiani na ndimu, ni chokaa, walikuwa wanaichoma kwa moto mkali mpaka inatoa mwanga mweupe, kwenye ukumbi wa Covent Garden London iliwashwa 1837. Mpeni mtoto kamba aivute, kiti akibebe akiondoe, neno litakaa.

Mekapu sasa, na hapa naomba wadada na wakaka wa vikundi mnisikilize vizuri kwa sababu hapa Kiingereza kinalinda ngozi ya mtu. Zamani huko Ulaya waigizaji walijipaka rangi nyeupe yenye risasi, ile madini, ikawadhuru. Kwenye miaka ya 1870 Ludwig Leichner, mwimbaji wa opera wa Ujerumani, akaanza kutengeneza vijiti vya rangi ya mafuta visivyo na sumu ile, ndiyo "greasepaint". Ni mafuta, kwa hiyo inatoka kwa mafuta, sabuni peke yake utasugua mpaka uchubuke. Msitumie mawese, najua yako kila nyumba, yatawaachia rangi kwenye kola na fundi atalia. Tumieni ya nazi, pamba, taratibu, kisha sabuni.

Ndevu za bandia zinabandikwa na "spirit gum", utomvu ulioyeyushwa kwenye spiriti, na ina dawa yake ya kubandulia, "remover". Nimeona vijana wanabandika kwa supagluu. Supagluu! Mdomoni! Hapana, hapana kabisa. Na kwenye kopo kukiwa na "patch test" maana yake paka kidogo mkononi, subiri kesho, ukiwashwa usiweke usoni. Uzee je? "Shadow" kwenye mashimo, chini ya mfupa wa shavu, pembeni mwa pua, na "highlight" juu ya mfupa, halafu "blend", changanya kingo zipotee. Msichore mistari tu ya kalamu, kutoka mbali inaonekana ni uchafu. Fanyeni mbele ya kioo mkitaja kwa sauti kila mnachopaka.

Maleba nilitaka niseme mengi ila naonyeshwa saa. Mafundi, shikeni haya: "fitting" ni kumpima mtu nguo akiwa ameivaa, "hem" ni pindo, "seam" ni mshono, na "quick change" ni kubadili nguo haraka pembeni, kwa hiyo shona gauni na mtandio pamoja, mgongoni weka velkro, vifungo achana navyo. "Dresser" ni mtu anayekuvisha, siyo kabati. "Dress rehearsal" ni riheso ya mwisho na nguo zote, asije mtu na kandambili.

Taa sijazigusa, tutaongea siku nyingine. Vijana wa Ujiji simameni, sogezeni viti, mmoja achore mraba hapa chini, na wewe binti uliyevaa kitenge cha njano chukua hii skripti, soma maelekezo kwa Kiingereza, polepole, tuone nani anakwenda Kibirizi.