Karatasi kwanza, ubao baadaye

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie jinsi timu iliyotawanyika inavyoweza kuchora na kupiga bongo pamoja bila kufilisika. Naanza na karatasi. Msinicheke.

Sisi tuko sita: Dar, Arusha, Nairobi, na mwenzetu mmoja Mwanza. Mwanzoni tulilipia ubao wa mtandaoni, kila kichwa na dola zake kwa mwezi. Yule wa Mwanza akiufungua kwenye simu, bando linakwisha ubao haujafunguka. Wenye intaneti nzuri tukawa tunachora, wengine wanatutazama. Kikao kikageuka sinema.

Siku hizi kila mtu anashika karatasi na maka peni, anachora peke yake dakika tano, anapiga picha, anaituma WhatsApp. Kisha anachukua mchoro wa mwenzake na kuuendeleza. Mbinu hii hatukuibuni sisi. Mjerumani Bernd Rohrbach aliieleza mwaka 1968: watu 6, kila mmoja mawazo 3, kila mzunguko dakika 5. Mizunguko sita ni nusu saa, mawazo 108. Sisi hatujawahi kuyafikisha, na mengi hufanana, lakini mpole wetu mmoja ambaye vikaoni hafungui kinywa ndiye mara nyingi mchoro wake unaobaki.

Wala si ajabu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwalinganisha watu wanne waliobuni mawazo pamoja na wanne waliobuni kila mtu kivyake, kisha mawazo ya hao wa pili yakajumlishwa. Waliokaa kivyao waliwashinda wenzao kwa mbali. Kwenye kikao mmoja akisema wengine wanasubiri zamu, na wazo la mtu anayesubiri huyeyuka.

Ubao unakuja tukishachuja. Tunatumia Excalidraw: ni bure, hujisajili, unatuma linki wenzako wanaingia. Mistari yake imepindapinda kama ya mkono, kwa hiyo hakuna anayeogopa kuiharibu. Kamera tunazima, kinachokula bando ni video, si mistari. Ila angalieni: michoro hufichwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe umo ndani ya linki, baada ya alama ya #. Ukiitupa kwenye grupu la watu mia, umewagawia wote funguo za nyumba.

Na kila kikao kikiisha, pakueni faili. Google walikuwa na ubao wao wa mtandaoni, Jamboard, walimu wengi wakauzoea. Mwisho wa 2024 ukafungwa.

Haya, mlangoni mlipewa karatasi. Choreni jinsi abiria wa mwendokasi anavyokata tiketi, na pale anapokwama. Dakika tano, bila kuongea. Ukimaliza, mpe aliye kushoto kwako.