Saa Kumi na Moja ya Nani?

DOTO: Wasikilizaji, karibuni. Leo Asha ana kidonda, tusikitoneshe.

ASHA: Acha nikiseme. Jumamosi nilikuwa na safari ya Mbeya, sendofu ya binti wa dada yangu. Ujumbe wa basi ukaja: "Kuripoti 11:00." Siku hizi magari yanaondoka muda wote, kwa hiyo saa nne na nusu asubuhi mimi huyo kituoni, sare nimeikunja vizuri begini. Kijana wa tiketi akaniambia, "Mama, hilo limeondoka alfajiri."

DOTO: Saa kumi na moja alfajiri! Pole sana, dada.

ASHA: Nimelipa, nimeachwa.

DOTO: Sasa leo tulipanga mambo matatu ya historia ya saa: reli, Greenwich, kile kituo cha kuchunguza nyota cha London kilichopima saa ya Uingereza, na mkutano wa Washington wa 1884 uliochagua mstari wa Greenwich kuwa digrii sifuri. Tuanze na reli. Zamani Uingereza kila mji ulifuata jua lake. Bristol ilikuwa nyuma ya London dakika kama kumi. Mwaka 1840 reli ya Great Western ikaanza kutumia saa ya London kwenye vituo vyake. Bristol, kwenye jengo la Corn Exchange, saa ikawekewa mishale miwili ya dakika, mmoja wa London, mwingine wa hapo hapo. Ipo mpaka leo.

ASHA: Ungekuwepo mshale wa pili kwenye ule ujumbe, ningewahi.

DOTO: Lakini saa ya Greenwich ilimfikiaje fundi saa mtaani? Hapo ndipo anaingia Ruth Belville.

ASHA: Yule muuza saa! Mweleze vizuri.

DOTO: Anauza muda wenyewe. Anakwenda Greenwich, kronomita, yaani saa ndogo sahihi sana, ipo mkobani, inalinganishwa na saa ya pale, anapewa hati, halafu anazunguka London kwa wateja wake. Wanaitazama, wanarekebisha zao, wanamlipa. Baba yake alianza 1836, alipofariki 1856 mjane wake akaendelea, Ruth akapokea 1892 hadi 1940.

ASHA: 1940! Na simu zipo?

DOTO: Zipo. Tena Greenwich ilikuwa inatuma saa kwa telegrafu tangu 1852. Kronomita yenyewe aliiita Arnold, kwa jina la fundi aliyeitengeneza. Ilikuwa na kasha la dhahabu, baba yake akalibadilisha likawa la fedha, akiogopa wezi.

ASHA: Arnold! Namtaka Arnold pale kituoni, ashike hati yake, amwambie yule kijana, "Mama huyu hajachelewa."

DOTO: Arnold angekwambia umechelewa saa tano na nusu.

ASHA: Arnold angesema saa tano na nusu za nani. Mimi nasema tiketi zote ziandikwe 05:00, basi.

DOTO: Hapo sikubali. Dar jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, likishapanda tunahesabu moja. Hesabu gani iliyonyooka kuliko hiyo? Aliyekosea ni mwandishi wa ujumbe. Angeongeza neno "alfajiri".

ASHA: Unatetea jua lipi? Saa ya Tanzania imepimwa kwa mstari wa longitudo wa digrii 45 mashariki. Mstari huo unapita karibu na Mogadishu, haugusi Tanzania popote. Na jua la Mbeya liko nyuma ya la Dar dakika zaidi ya ishirini. Ukitaka jua, rudisha mishale miwili.

DOTO: Dakika ishirini mama yangu anazibeba. Ukimwambia 17:00 akanywe chai, umempoteza.

ASHA: Na mimi nimepotezwa na 11:00.

DOTO: Sikubali, Asha.

ASHA: Nami sikubali.

DOTO: ...Fundi mitambo anaonyesha vidole viwili.

ASHA: Dakika mbili? Washington hatujagusa!

DOTO: Arnold kamaliza kipindi. Washington na nchi zake 25 tuziache. Niambie tu, sendofu ilikwendaje?

ASHA: Walinipigia video wakati wa keki. Mtandao ukawa unakatika, nikaona mgongo wa gauni lake tu.