Nzuri Tu, Mwanangu

MWANAHAMISI: Asalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena. Tupo Tanga, Ngamiani, chumba chetu kilekile. Mkisikia honi za bodaboda mtuvumilie. Mimi Mwanahamisi, mwenzangu ni Mhando. Kaka, leo nina jambo limenikaa rohoni.

MHANDO: Waalaykum salaam. Lete, dada.

MWANAHAMISI: Wiki iliyopita nilikuwa Makorora kwa bibi mmoja, kwenye ile kazi yetu ya kuchunguza watu wanavyolipia huduma kwa simu. Nikamuuliza, "Bibi, huduma hii waionaje?" Akasema, "Nzuri tu, mwanangu, twashukuru." Nikaandika: ameridhika. Kisha nikamwomba alipe nikiwa pale pale.

MHANDO: Enhe!

MWANAHAMISI: Akafungua pindo la kanga, akatoa kikaratasi. Namba ya malipo, tarakimu 12. Kitochi mkono huu, kikaratasi mkono huu, miwani ina mguu mmoja. Anabonyeza tatu, anarudi kwenye karatasi, amesahau alipoishia, anahesabu kwa kidole. Kufika ya tisa, menyu ikakatika: muda umekwisha. Akaanza upya. Ikakatika tena. Mara ya tatu akaniambia, "Mie ndo sijui simu." Kaka Mhando, yule bibi hana kosa! Menyu ndiyo haikumngoja.

MHANDO: Na kwenye ripoti angehesabiwa ameridhika. Hili linaniuma. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo, mgeni akija kwako humwambii baya. Ukitembeza dodoso unavuna heshima, ukweli unabaki ndani. Kuna dodoso la kupima kama kifaa au huduma ni rahisi kutumia, alilolitunga John Brooke, Uingereza, mwaka 1986. Lina sentensi 10. Moja inasifu, inayofuata inalaumu, hadi mwisho, na alama ni 0 hadi 100. Sasa bibi yako akubali kila sentensi kwa nguvu zote, kwa adabu tu. Kwenye sifa anapata alama zote, kwenye lawama anapata sifuri. Anaishia 50 kamili, wakati wastani unaotajwa sana ni 68.

MWANAHAMISI: Kumbe adabu yenyewe inajitokeza kwenye hesabu!

MHANDO: Inajitokeza, ukizitazama sentensi mojamoja. Ila dodoso halitakwambia kwamba menyu inakatika kwenye namba ya tisa. Hilo umelipata kwa kukaa naye mkekani.

MWANAHAMISI: Nikakae na wangapi, basi? Mkubwa wangu anataka 300.

MHANDO: Kama watafuta kasoro, anza na 5. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walipiga hesabu hiyo mwaka 1993: mtumiaji mmoja anaibua wastani wa asilimia 31 ya kasoro, wakifika watano mmepata kama asilimia 85. Lakini wawe wa aina moja. Bibi wa Makorora na kijana wa chuo, kila mmoja na kundi lake. Hao 300 utawahitaji siku ukitaka kusema ni asilimia ngapi ya watu wa mji wanakwama.

MWANAHAMISI: Na kwenye huduma za ana kwa ana, zisizo za simu?

MHANDO: Vilevile. Kwenye zahanati moja nilimfuata mama mwenye mtoto mgonjwa, kwa ruhusa yake, saa mkononi. Alipanga foleni ya malipo mara 3: ya kadi, ya vipimo, ya dawa. Sanduku la maoni halikuwa na karatasi hata moja iliyolisema hilo.

MWANAHAMISI: Kilichonishinda mimi ni kunyamaza. Mkono ulikuwa unaniwasha nimbonyezee.

MHANDO: Usimbonyezee. Mwambie mapema, "Bibi, tunaipima simu, hatukupimi wewe." Kisha awe anasema kwa sauti kila analowaza, nawe uandike.

MWANAHAMISI: Jumamosi narudi kwake. Nimechora menyu mpya kwenye vipande vya karatasi: inaomba namba nne nne, na ikikatika inaendelea pale ulipoishia. Atabonyeza karatasi, mimi nitakuwa nambadilishia vipande. Na mkate wa kumimina nampelekea.

MHANDO: Mpe salamu zangu. Akiridhia kurekodiwa, kipindi kijacho tumsikilize mwenyewe.