Kitabu Umekimaliza: Sasa Sema Kweli

Wakubwa zangu shikamooni, vijana, hamjambo.

Mtu akimaliza kitabu huulizwa, "Kikoje?" Hujibu, "Kizuri." Jibu hilo halimsaidii anayetaka kujua kama akiazime au akiache.

Ukitaka kuandika maoni yatakayomsaidia, anza na kikaratasi. Kata karatasi ya daftari, upana wa vidole viwili, iwe alama yako ya kurasa. Kila unapofunga kitabu kwa kuchoka, andika namba ya ukurasa na sababu kwa neno moja au mawili: usingizi, majina mengi, sielewi. Usichore kwa wino pembeni; vitabu hapa Mwanza hupita mikono mingi. Ukimaliza, lala kwanza, ila usipitishe siku 3. Ukiandika papo hapo, mwisho wa kitabu humeza mwanzo. Ukichelewa, unabaki na kisa kitupu.

Kisha rudi kwenye zile kurasa. Hapa ndipo penye kazi. Chukueni riwaya ya jirani yetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Wengi hukwama kwenye pombe ya ndizi. Myombekere anadaiwa pombe na wakwe ndipo arudishiwe mkewe, na mwandishi hana haraka hata kidogo na utengenezaji wake. Kikaratasi kitasema "maelezo marefu". Sawa, usikifute. Ila soma tena polepole: mume yule anayengoja ndizi ziive, anamngoja mke. Anayeruka hapo atajua Bugonoka amerudi, lakini hatajua amerudi kwa jasho la kiasi gani.

Ukirudia na bado ukachoka, sema hivyo hivyo. Lakini sema "nilichoka hapa", usiseme "kinachosha". La kwanza ni habari yako, hakuna wa kukupinga. La pili ni hukumu, na hukumu inadai uonyeshe sentensi yenyewe iliyolemaa.

Tena tusimpe mtu sifa za bure kwa kuwa ni wa Kanda ya Ziwa. Kitereza ni mkubwa kwa kazi yake. Tukimpamba kwa ujirani, tunamshusha.

Mwisho andika kinamfaa nani. Kwa riwaya hii: anayetaka kisa cha usiku mmoja atafute kingine. Anayejua wakwe wanavyoweza kumweka mtu uani mchana kutwa, huyu mpeni leo.